Uzi: Kwa nini kiti cha daktari wa meno wa umma kilifungwa mapema na kufunguliwa kwa kuchelewa wakati wa janga?

#1 Gego la Mwisho
Heshima kwenu, wanajukwaa. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba Uviko-19 umekuwa janga la dunia, haukupita mwezi kabla huduma za kawaida za meno hazijasimamishwa katika nchi nyingi. Wodi za wazazi ziliendelea na wenye kisukari waliendelea kupewa dawa, lakini mwenye jino lililotoboka aliambiwa asubiri nyumbani hadi atakapotangaziwa. Nami nilisubiri. Nilikuwa na miadi ya kuziba gego la chini mwezi wa Aprili mwaka ule, tundu likiwa dogo kiasi kwamba ni ncha ya ulimi tu iliyolijua. Niliitwa Septemba 2021. Nilikwenda kuzibwa, nikarudi nimeng'olewa.

Dai langu ni kwamba kirusi kilikuwa kisingizio, na kwamba kinywa cha mtu anayetegemea huduma ya umma kilikuwa kimekwisha kuhesabiwa kuwa jambo la ziada tangu zamani, janga likaja tu na kulitia muhuri. Anayeona nimekosea anisahihishe.

#2 Mkono wa Glovu
Pole kwa gego, mkuu. Mimi ni daktari wa meno katika kliniki ya umma, na neno "kisingizio" siwezi kulipitisha. Mashine tunayochongea jino huzunguka mara laki kadhaa kwa dakika, na kwa kuwa joto lake lingeua kiini cha jino, hurushiwa maji muda wote inapofanya kazi. Maji hayo hugonga jino, huchanganyika na mate na wakati mwingine damu, kisha hupaa kama ukungu ambao matone yake makubwa hudondoka karibu na yale madogo hubaki yakielea. Uso wangu unakuwa umbali wa kiganja na nusu kutoka kwenye kinywa kilichoachama, na mgonjwa hawezi kuvaa barakoa. Kirusi kile kilikuwa kimekwisha kuonekana kwenye mate. Katika Machi 2020, ambapo hatukuwa na chanjo wala kipimo cha haraka, ungeamua nini kama ungekuwa wewe?

#3 Hesabu Kali
Ningefunga, daktari. Swali ni kufungua. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliwashauri wanachama wake tarehe 16 Machi 2020 waahirishe matibabu yasiyo ya dharura kwa wiki 3. Uingereza, upande wa England, huduma za kawaida zilisimamishwa tarehe 25 Machi, vikaanzishwa vituo maalumu vya dharura, na kliniki zikaruhusiwa kufungua tena kuanzia tarehe 8 Juni. Kwenye karatasi, basi, kufungwa kulikuwa kwa majuma machache tu. Mbona foleni imedumu kwa miaka? Hapo ndipo ninapoona kwamba maelezo ya ukungu wa mate, ingawa ni ya kweli, hayatoshi.

#4 Msaidizi wa Kiti
Kufungua mlango na kuhudumia ni mambo mawili tofauti, ndugu Hesabu Kali. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, na siku tuliyorudi kazini nilikabidhiwa gauni, kofia, barakoa nzito ya kuchuja hewa, miwani na ngao ya uso, vyote vivaliwe kwa mpangilio uliobandikwa ukutani na vivuliwe kwa mpangilio mwingine. Miwani ilijaa mvuke kabla mgonjwa hajaketi. Daktari alikuwa akisema "nipe kioo" na mimi nasikia kitu kingine kabisa, kwa hiyo tukaanza kuandika majina ya vifaa kwenye kibao cheupe na kuvionyesha kwa kidole. Mgonjwa akiondoka tulifunga dirisha la ndani, tukafungua la nje, tukaandika saa kwenye kipande cha karatasi mlangoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia mpaka saa moja nzima ipite. Ndani ya saa hiyo kiti kilikuwa kitupu, taa imewaka, na nje watu wenye mashavu yaliyovimba wanatutazama kupitia kioo.

#5 Hesabu Kali
Ahsante, dada. Basi tupige hesabu. Siku ya kazi ni saa 8. Mgonjwa mmoja akichukua nusu saa, kiti kimoja huhudumia watu 16. Ukiongeza saa nzima ya kupumzisha chumba baada ya kila mgonjwa, kila mmoja anakula dakika 90, na watu 16 wanageuka kuwa 5. Kliniki yenye vyumba vingi inaweza kuhama kutoka kimoja hadi kingine. Yenye chumba kimoja haina pa kuhamia.

#6 Mkono wa Glovu
Hesabu ni sahihi, lakini saa moja haikuwa sheria ya kila mahali, tena haikuwa ya kila tiba. Kuangalia jino, kung'oa jino rahisi na kupaka dawa hakuhitaji mashine inayorusha ukungu, na baada ya kazi hizo chumba hakikuhitaji kupumzishwa vile. Zaidi ya hapo, kilichoamua muda ni mzunguko wa hewa. Katika jedwali linalotumiwa na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, chumba ambacho hewa yake hubadilishwa mara 6 kwa saa huhitaji dakika 46 ili asilimia 99 ya chembe zinazoelea ziondoke, ilhali chumba cha mara 12 huhitaji dakika 23. Aliyekuwa na feni nzuri ya kutoa hewa alihudumia wagonjwa wengi kuliko asiyekuwa nayo. Na majengo mengi ya kliniki za umma yalijengwa wakati ambapo dirisha lilihesabiwa kuwa mapambo.

#7 Mpita Njia
Mnajisumbua bure na feni. Shirika la Afya Duniani lilipiga marufuku matibabu ya meno duniani kote, madaktari wakatii, basi. Wengine tulishukuru, maana mlio wa ile mashine hata jirani akichonga mbao mimi huhama chumba.

#8 Msoma Nyaraka
Mpita Njia, woga wako tunaukubali, marufuku yako hatuikubali. Mwongozo wa muda uliotolewa na shirika hilo Agosti 2020 ulishauri kwamba huduma za kawaida zisizo za lazima ziahirishwe mahali ambapo maambukizi yameenea katika jamii, mpaka yapungue vya kutosha au kwa kufuata maelekezo ya mamlaka za nchi husika, na ulisema wazi kwamba huduma za dharura ziendelee. Huo ni ushauri wenye masharti. Wala haukutiiwa na wote, kwa kuwa chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilijitokeza siku chache baadaye na kusema kinapingana nao vikali, kikishikilia kwamba afya ya kinywa ni sehemu ya afya ya mwili.

Nimwongezee Gego la Mwisho mambo mawili ya kumfurahisha. Uchunguzi wa madaktari wa meno zaidi ya 2,000 wa Marekani, uliofanyika Juni 2020, ulikadiria kwamba walioambukizwa walikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2021, watafiti wa chuo kikuu cha Ohio State walichunguza ukungu unaotua baada ya matibabu wakakuta kwamba sehemu kubwa ya vijidudu vilivyomo ilitoka kwenye maji ya mashine yenyewe, na mate yalichangia kidogo.

#9 Gego la Mwisho
Mmesikia wenyewe. Hatari ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na jino langu likaenda.

#10 Mkono wa Glovu
Usikimbie na nusu ya habari, mkuu. Madaktari wale waliopimwa walikuwa wamevaa kinga na wamepunguza wagonjwa. Huwezi kumtazama mtu aliye chini ya mwavuli ukasema mvua haikunyesha. Na ukungu ule wa maji hupimwa mahali ambapo bomba la kunyonya linafanya kazi vizuri, na pengine jino limetengwa kwa kipande cha mpira. Pia kumbuka kwamba kabla ya mlipuko wa Ukimwi katika miaka ya 1980, madaktari wengi wa meno walitia mikono mitupu vinywani mwa watu, na waliposhauriwa kuvaa glovu wapo waliolalamika kwamba hawatahisi jino. Leo hakuna mgonjwa angekubali kuguswa bila glovu. Kila mlipuko huacha vazi lake kwenye kazi hii.

Sikatai kwamba tulichelewa kurudi. Ninachokataa ni kwamba tulijificha.

#11 Mzazi wa Watatu
Naomba tutoke kidogo kwenye kiti cha mtu mzima. Mtoto wangu wa pili alikuwa na umri wa miaka 5, magego yake manne ya utotoni yameoza, na alikuwa katika orodha ya kung'olewa hospitalini akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, kwa sababu kwenye kiti cha kawaida asingetulia. Orodha ile ilisimama kabisa. Sababu niliyopewa haikuhusu ukungu wala mate: madaktari wa usingizi walikuwa wamehamishiwa wodi za wagonjwa mahututi, na mashine za kupumulia pamoja nao. Kwa miezi 11 mtoto alikuwa anatafunia upande mmoja, na usiku anaamka akishika sikio, tukidhani ni sikio. England peke yake, watoto waliong'olewa meno hospitalini katika mwaka ule wa kwanza wa janga walipungua kwa zaidi ya nusu. Mtu akiitazama takwimu hiyo bila maelezo atadhani meno ya watoto yalipona ghafla.

Na shule zilipofungwa, kazi ya kuwasimamia watoto wapige mswaki darasani nayo ilikufa, pamoja na ile ya kuwapaka dawa ya kukinga meno. Hiyo huwa haihesabiwi kama huduma iliyofungwa kwa sababu haina jengo lake.

#12 Mfamasia wa Zamu
Mzazi wa Watatu amegusa penyewe. Hakuna kati yenu aliyetaja dawa, ilhali huko ndiko maumivu yalikohamia. Agizo lililotolewa katika nchi kadhaa lilikuwa kwamba mgonjwa apigiwe simu, apewe ushauri, dawa ya kutuliza maumivu na, ikibidi, antibiotiki. England, antibiotiki zilizoandikwa na madaktari wa meno kati ya Aprili na Julai 2020 zilizidi zile za kipindi hicho hicho mwaka uliotangulia kwa takriban robo. Jino lenye usaha huhitaji tundu la kuutolea, ama kwa kulifungua ama kuling'oa. Kidonge hutuliza uvimbe kwa siku chache, chanzo kikiwa kimeketi palepale. Nilikuwa na mteja aliyerudi mara 4 kwa jino moja. Mara ya nne alikuwa anaongea na mimi kwa meno yaliyofungana, kwa sababu taya lilikuwa halifunguki zaidi ya upana wa kidole. Nilimwelekeza hospitali usiku ule ule.

#13 Msaidizi wa Kiti
Mfamasia, hapo ndipo mimi hubishana na wakubwa wangu mpaka leo. Neno "dharura" lilipimwa kwa maumivu ya siku hiyo. Aliyelia kwenye simu alipewa nafasi, na aliyesema "linauma kidogo tu" akasubiri. Lakini jino lililoacha kuuma ghafla baada ya kuuma wiki nzima mara nyingi ni jino ambalo kiini chake kimekufa, na mwenyewe anapiga simu kushukuru kwamba amepona. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3 hakiumi mara nyingi, na ndicho ambacho daktari alipaswa kukiona kwa macho, maana saratani ya kinywa mara nyingi hugunduliwa kwa mtu aliyekuja kwa shida nyingine kabisa. Simu haina taa wala kioo.

#14 Hesabu Kali
Nirudi kwenye swali la mwanzo kwa sababu kuna kitu tunakizunguka. Hewa ya kliniki ya binafsi na ya kliniki ya umma ni ileile. Kwa nini ya binafsi ilirudi kasi? Jibu langu ni malipo. Ya binafsi hupata fedha mgonjwa anapoketi, kwa hiyo ilinunua feni na barakoa haraka na kuongeza gharama hiyo kwenye bei. Daktari wa umma mwenye mshahara hulipwa kiti kikiwa kimejaa au kitupu. Wa mkataba, kama wale wa England wanaolipwa kwa kutimiza kiwango fulani cha kazi kwa mwaka, waliendelea kupata sehemu kubwa ya fedha zao huku kiwango kikishushwa, jambo lililookoa kliniki zisifilisike lakini halikumsukuma mtu kuongeza idadi ya wagonjwa.

#15 Mkono wa Glovu
Ningependa kukualika ukae na mimi siku moja uone "kiti kitupu" kinavyolipa. Sisi wenye mshahara tulipelekwa kupima watu homa na kuchukua sampuli puani. Kliniki yetu ilikuwa na madaktari 4; kwa miezi 5 alibaki mmoja. Hukuliweka hilo katika hesabu zako.

#16 Msoma Nyaraka
Wote wawili mna sehemu yenu, ila naona chanzo kiko nyuma zaidi. Udaktari wa meno ulijitenga na udaktari mwingine tangu chuo cha kwanza cha meno kilipofunguliwa Baltimore mwaka 1840, na tangu hapo kinywa kimekuwa na shule zake, bajeti yake na bima yake. Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa bila malipo mwaka 1948, meno yakiwemo. Mwaka 1951 serikali ilipobanwa kifedha, vitu vya kwanza kuamuliwa vitozwe vilikuwa meno bandia na miwani, na waziri Aneurin Bevan, aliyekuwa ameiasisi huduma hiyo, akajiuzulu kwa sababu hiyo. Hapakuwa na kirusi mwaka ule. Kwa hiyo namuunga mkono Gego la Mwisho kwa nusu: janga halikuunda mpangilio wa nani atangulie na nani asubiri, liliukuta. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikadiria katika ripoti yake ya 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na mengi kati ya hayo yalikuwepo kabla ya 2020.

#17 Mpita Njia
Mmewasahau wagonjwa wenyewe. Mimi nilipigiwa simu Oktoba 2020 nikaitwa, nikasema nina kikohozi. Sikuwa nacho. Nilisema hivyo tena Januari. Kuna waliofungiwa mlango, na kuna sisi tuliousukuma kwa ndani.

#18 Bibi Tabasamu
Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Nina miaka 74 na sina jino la juu hata moja. Machi 2020 nilikuwa nimekwisha kupigwa vipimo vya meno bandia, nimeuma ile nta, nimechagua na rangi. Kisha maabara ikafungwa. Meno yalikuja baada ya mwaka na miezi miwili, mazuri kabisa, ila ufizi wangu ulikuwa umesinyaa na yalikuwa yanadondoka nikisema neno lenye "fa" au "va". Kwa muda wote ule barakoa ilinisitiri. Nadhani nilikuwa mtu pekee aliyesikitika ilipoondolewa. Mkono wa Glovu, mwanangu, hivi hayo ni ya dharura au siyo?

#19 Mkono wa Glovu
Shikamoo, Bibi. Kwa mwongozo wetu wa wakati ule hayakuwa ya dharura. Siutetei. Ufizi usio na meno huendelea kusinyaa, kwa hiyo kipimo cha zamani hupitwa na wakati, na ilibidi upimwe upya. Kama hukupimwa upya, unayo haki ya kudai.

Kwa wengine, kuna jambo moja ambalo lilibadilika na ambalo nisingependa lipotee katika ubishi huu. Tiba zisizotumia mashine, ambazo zamani zilidharauliwa kuwa za mahali pasipo na umeme, zilipanda hadhi: kukwangua uozo kwa kifaa cha mkono na kuziba kwa saruji inayotoa floridi, au kupaka dawa ya floridi yenye madini ya fedha, ambayo husimamisha uozo na kuuacha ukiwa mweusi. Dawa hiyo na saruji hiyo ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Nilimtibu mtoto hivyo kwa dakika 10, bila ukungu, bila sindano. Mama yake alichukia weusi, mtoto aliniomba nimpake na kwenye kucha.

#20 Mzazi wa Watatu
Miezi 11, daktari, na hakuna aliyenitajia dawa hiyo. Weusi ningeupokea kwa mikono miwili.

#21 Kalamu ya Mapokezi
Nimesita kuandika, lakini mazungumzo ya foleni hayawezi kukamilika bila sisi wa mapokezi. Mwaka 2021 nilikabidhiwa orodha ya waliokuwa wakisubiri, nikaambiwa niipigie simu yote. Kati ya watu wa siku ya kwanza, wapo waliosema wamekwisha kung'olewa kwingine, mmoja alijing'oa mwenyewe kwa koleo na kunieleza hatua kwa hatua, wengine wamehama, na nyumba moja alipokea binti akaniambia mama alifariki. Agizo lilikuwa kwamba asiyepokea simu mara mbili afutwe. Basi orodha ilipungua haraka sana, na kwenye kikao ilionyeshwa kuwa foleni imeshughulikiwa. Hakuna aliyesema uongo. Kila jina lilikuwa limewekewa alama sahihi.

Niliwapigia mchana, saa za kazi. Watu wengi wasiopokea simu mchana ni wale ambao hawaruhusiwi kushika simu kazini.

#22 Hesabu Kali
Hiyo imenivurugia hesabu zote. Mimi nimekuwa nikitumia urefu wa orodha kama kipimo cha uhaba.

#23 Gego la Mwisho
Kalamu ya Mapokezi, ahsante. Niliandika juu kwamba niliitwa Septemba 2021. Sikusema kwamba niliitwa kwa bahati: simu ilikuwa ya mke wangu, akaipokea. Mwezi uliopita nimeletewa barua inayonitaka nithibitishe kama bado ninahitaji kuzibwa gego la chini, lile lile, na nisipojibu kwa siku 14 nitaondolewa.

#24 Kalamu ya Mapokezi
Jibu, mkuu. Andika kwamba gego halipo na kwamba unahitaji la kuvaa mahali pake, la sivyo watakuandika kuwa umeridhika.

#25 Mpita Njia
Na wakikupigia, usiseme una kikohozi.